Picha Iligeuzwa

Vijana wa ofisini wameniomba niandike kumbukumbu zangu za kazi "kabla hujasahau, Madam", maneno yao hayo. Wamesema zisizidi kurasa mbili na ziwe na picha. Kurasa zitazidi, na picha sitaweka. Mkifika mwisho mtajua kwa nini. Msipofika, mtakuwa mmefanya vile mnavyofanya na taarifa zangu zote.

Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa kiasi gani. Hayo muulizeni mhasibu, kama anaweza kuyasema bila kucheka. Nitawaeleza habari za dereva mmoja aitwaye Boay, ng'ombe mmoja wa Endabash, na herufi moja iliyonikaa kooni kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nilisoma masoko chuo kikuu, Dar es Salaam. Ninyi siku hizi mnasema "marketing", na siwalaumu, kwa sababu neno "masoko" limenitesa tangu siku barua ya chuo ilipofika kijijini kwetu Endabash. Baba yangu, mkulima wa mahindi na mbaazi, aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akaifungua tena.

"Masoko," akasema. "Yaani soko lile la Karatu?"

"Siyo soko, baba. Ni masoko."

"Mengi?"

Nikajaribu kumweleza. Nikasema ni elimu ya kumjua mteja anataka nini kabla hajasema. Baba akanitazama kwa huruma. "Mama yako anauza vitunguu swaumu pale sokoni tangu hujazaliwa," akasema, "na hakuna aliyemwambia aende Dar kwanza." Jumapili iliyofuata ikatangazwa kanisani kwamba binti yetu Paskalina anakwenda chuo kikuu kusomea soko, na watu wakapiga makofi. Nilipomaliza na kurudi, akina mama wa sokoni walikuja nyumbani kuniletea malalamiko yao kuhusu choo. Jamani! Mpaka mwezi uliopita, nimeshastaafu, mama mmoja kanisimamisha barabarani akitaka kujua meza za nyanya zitaezekwa lini.

Chuoni nako mambo yalikuwa ya mbali. Vitabu vyote vilihusu supu za makopo na sabuni za nchi za baridi. Tulikariri bidhaa, bei, mahali na matangazo kama tulivyokariri katekisimu. Lakini somo moja nililipenda kwa moyo wote, nalo ni la kupanga tangazo. Mwalimu wetu alikuwa na sheria moja asiyokubali ivunjwe: mtu au mnyama aliyeko kwenye tangazo lazima atazame ndani, kuelekea jina la bidhaa, kwa sababu macho ya msomaji hufuata macho ya aliyechorwa. Akitazama nje, anamtoa mteja mlangoni. Mtihani wa somo hilo niliwapita wote, na niliringa nao miaka miwili.

Mnaniuliza shahada hii inampeleka mtu wapi. Inampeleka popote na hakuna anayemsubiri huko. Kati ya tuliokaa dawati moja, mmoja aliishia benki akifungulia watu akaunti, mwingine akawa anawauzia wageni vyumba vya loji hapa Karatu, akiwaeleza jua linavyozama kana kwamba kwao halizami. Wa tatu ni mshereheshaji wa harusi, na kwa maoni yangu ndiye peke yake anayeitumia shahada yote. Mimi nilipata kazi kwenye tawi la Karatu la kiwanda cha chumvi ya mifugo. Jina la chumvi lilikuwa Nono.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino. Lami ilikuwa haijafika Karatu, mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mwekundu mnaujua. Meneja alinipokea, akanionyesha meza, akaniambia niko kwenye majaribio miezi sita. Kisha akanikabidhi kwa Boay kama mzigo. Boay alikuwa dereva wa Landrova na muuzaji wa kampuni kwa pamoja, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mpole, mwenye koti la kazi la bluu lililopigwa pasi kuliko suti ya meneja. Alikuwa na watoto sita, wa kwanza Emanueli, kwa hiyo tulimwita Baba Emanueli. Yeye aliniita Afisa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuijua kama ni heshima au utani.

Akatazama viatu vyangu. "Afisa," akasema, "hivyo ni vya kwenda kuuza nini?"

Kesho yake alikuja na buti za mke wake. Nilizivaa mwaka mzima.

Vifaa vyetu vilikuwa Landrova, spika ya honi juu ya paa, mizani, na daftari langu. Daftari hilo ndilo lililonitia aibu kwanza. Chuoni tulifundishwa utafiti wa soko, basi nikatengeneza dodoso safi kwa taipureta, swali la kwanza: Una ng'ombe wangapi? Boay alilisoma, akanirudishia, akasema, "Usifungue hilo bomani." Nikalifungua. Tulizunguka maboma ya Ngorongoro siku nne, na kila mzee wa Kimaasai niliyemwuliza ana ng'ombe wangapi alinijibu neno lile lile: "Wapo." Ukurasa mzima, kwenye safu ya tarakimu, nimeandika wapo, wapo, wapo. Hakuna mtu wa maana anayemhesabia mgeni mifugo yake. Hata kwetu Wairaqw baba yangu asingejibu, na mimi nililijua hilo tangu utotoni, lakini chuo kilikuwa kimenisahaulisha.

Na mshindani wetu je? Vitabu vilisema umjue mshindani wako. Mshindani wetu alikuwa udongo. Ng'ombe wa huku wamelamba udongo wa chumvi tangu dunia iumbwe, na udongo ni wa bure. Meneja akasema tunahitaji mfuko mpya wenye picha, mfuko ambao mtu akiuona dukani anataka ng'ombe wake afanane na yule. Kazi hiyo akanipa mimi. Nilifurahi mno, Mungu wangu. Nikamwomba Boay anitafutie ng'ombe mzuri wa kupiga picha.

Boay akanipeleka Endabash kwa shemeji yake. Ng'ombe alikuwa jike jekundu mwenye baka jeupe usoni kama aliyetoka kuchungulia pipa la unga, na ameshiba kweli kweli. Kwenye sikio la kushoto alikuwa na mikato miwili, alama ya nyumba ya shemeji. Nikashika kamera. Boay akasema, "Afisa, hayo masikio yaache nje ya picha."

"Ng'ombe bila masikio ataonekanaje?"

"Ataonekana hana mwenyewe. Ndivyo inavyotakiwa kwenye mfuko."

Nikamweleza, kwa kirefu, kwamba utunzi wa picha una kanuni zake. Akamshika ng'ombe kamba. Nikapiga picha yote, masikio na pembe na kwato.

Filamu ikasafishwa, mchoraji wa kiwanda cha uchapaji Arusha akamchora ng'ombe yule kwa wino wa bluu, akatuma sampuli. Alikuwa amemchora vizuri mno, hata mikato ya sikio hakuiacha. Lakini jina Nono lilikuwa upande wa kulia, na ng'ombe anatazama kushoto! Jina amelipa kisogo! Nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikaandika juu ya sampuli: "Geuza ng'ombe atazame jina." Nikaitia kwenye bahasha, nikampa Boay aliyekuwa anakwenda Arusha kufuata springi za gari.

Ukimgeuza ng'ombe kwenye karatasi, sikio la kushoto linakuwa la kulia. Mtoto wa darasa la tatu angeniambia. Sikuwaza hilo hata dakika moja, nilikuwa nawaza macho ya mteja.

Mifuko ikachapwa maelfu. Tukaipeleka Karatu, tukaipeleka geti la Ngorongoro, tukaipeleka mpaka Wasso, Loliondo, kwa Mama Nasieku, mwanamke wa Kimaasai mwenye duka la dawa za mifugo na mashuka, wakala wetu bora kuliko wote. Wiki mbili hazikupita, dereva wa lori akaleta barua yake. Meneja akaisoma kwa sauti mbele yetu sote. Mama Nasieku aliandika kwamba mzee Saning'o, mtu anayeheshimika pale Wasso, ameshinda dukani anautazama mfuko. Anasema ng'ombe yule ni mtamba wake aliyepotea kiangazi kilichopita: baka usoni, na sikio la kulia mikato miwili, alama ya ukoo wake. Watu wameacha kununua, kwa sababu hakuna anayetaka kubeba nyumbani kwake mfuko wenye ng'ombe wa mtu aliyeibiwa. Tuje, na tuje na huyo aliyempata.

Sikio la kulia. Nilijua pale pale. Picha halisi ya kamera ilikuwa kwenye droo yangu, na droo ilikuwa karibu na goti langu.

Meneja akamgeukia Boay. "Huyu ng'ombe ulimtoa wapi?"

"Kwa shemeji yangu, bosi."

"Sasa hivi yuko wapi?"

Boay akakuna shingo. "Ameliwa."

"Ameliwa na nani?"

"Kipaimara cha mtoto wa shemeji, bosi. Hata wewe ulikula."

Watu wengine wangecheka. Meneja alinyoosha mkono akachukua funguo za Landrova. Boay akasimamishwa kazi mpaka mambo yaeleweke, na mambo yalieleweka vibaya. Polisi Karatu walimwita mara mbili, na shemeji wakamwita. Ng'ombe mwenyewe ameshachinjwa, na kuchinjwa kwenyewe, watu wakasema, kulikuwa kwa haraka sana. Endabash yote ikawa inasema Boay aliiuzia kampuni sura ya ng'ombe wa wizi. Mtu aliyeuza chumvi kutoka Karatu mpaka Loliondo kwa kuaminiwa tu, akishuka garini watu wanamletea maziwa, sasa alikuwa anapita njia ya nyuma kwenda misa.

Na mimi nilikuwa wapi? Mezani kwangu. Nilinyamaza siku tisa. Nilikuwa kwenye majaribio, nilikuwa nimembishia Boay mbele ya ng'ombe mwenyewe, na nilijiambia polisi wataona wenyewe kwamba hakuna kesi. Kila asubuhi nafungua droo, naiona picha, naifunga. Msinionee huruma hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sikuwa mtoto.

Siku ya tisa akaja mke wake. Mama Emanueli alikuwa mwanamke mfupi, mkali, ambaye buti zake nilikuwa nimezivaa wakati ule ule. Alikuja na koti la bluu la Boay limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa kama kitambaa cha altare. Akapita mlango wa stoo, akapita kwa mhasibu, akaja moja kwa moja mezani kwangu, akaliweka juu ya taipureta.

"Hili koti ni la kazi," akasema. "Limefuliwa."

"Vitu vya kazi vinapokelewa stoo, mama."

"Wewe utalifikisha." Akatazama chini ya meza. "Na buti zinakutosha?"

Akaondoka. Nilikaa pale na koti lile mbele yangu, linanukia sabuni ya mche na pasi ya mkaa. Nikafungua droo, nikachukua picha, nikaingia kwa meneja bila kugonga.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika. Njiani, kutoka meza yangu mpaka mlango wa meneja, nilikuwa na sentensi mdomoni. Sentensi ilikuwa "Niligeuza picha." Nilipofungua mdomo, ikatoka nyingine.

"Bosi," nikasema, "picha iligeuzwa."

"Iligeuzwa?"

"Iligeuzwa. Ona, sikio ni la kushoto."

Akaitazama picha, akautazama mfuko, akapiga meza kofi. "Hawa wachapaji wa Arusha! Washenzi kabisa!"

Nami nikanyamaza. Hakuniuliza nani aligeuza. Lile "w" lilikuwa limeshamjibu.

Tukaenda Wasso siku ya pili yake, meneja, mimi, na Boay aliyetakiwa afike mwenyewe. Kwa kuwa Boay alikuwa amesimamishwa, meneja akaendesha. Loo! Tulipanda ukingo wa kreta kwenye ukungu wa maziwa mtindi, gia zinalia, tukashuka upande wa pili tukiombea, na kabla ya saa sita Landrova ikazama kwenye tope mpaka ekseli. Meneja akahangaika, matairi yanarusha udongo. Mwishowe akageuka nyuma alikokaa Boay.

"Boay, tufanyeje?"

"Nimesimamishwa kazi, bosi," akasema Boay kwa upole.

Tulikaa hapo saa nzima, mpaka meneja akamrudishia funguo. Boay alishuka, akatazama, akaweka mawe mawili na gunia, akalitoa gari mara moja. Akamrudishia meneja funguo, akarudi kukaa nyuma.

Dukani kwa Mama Nasieku wazee walikuwa wameshakaa, na polisi mmoja. Mzee Saning'o alikuwa mtu mwembamba, mtulivu, na mfuko wa Nono aliuweka juu ya mapaja kama mtu aliyempakata mgonjwa. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kimaasai, Mama Nasieku akitafsiri, kwamba anamjua ng'ombe wake kama anavyomjua mtoto wake, na kwamba hana neno na chumvi, ana neno na huyu aliyekaa pale. Akamwonyesha Boay kwa kidevu. Boay aliangalia mikono yake.

Nikasimama, nikatoa picha ya kamera, nikaeleza kushoto na kulia. Nilieleza vibaya. Kila nikisema kushoto, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu ananyanyua mkono wa kulia, na kweli mkono huo ulikuwa upande wangu wa kushoto. Polisi akachanganyikiwa kuliko wote. Ndipo Mama Nasieku akasema, "Ah, ngoja," akaenda ndani akatoa kioo kikubwa anachotumia wateja wakijaribu shanga. Akasimamisha mfuko mbele ya kioo, akaiweka picha yangu pembeni yake.

Kwenye kioo jina la chumvi lilisomeka kinyumenyume, lakini ng'ombe alikuwa amerudi alivyozaliwa. Mikato miwili, sikio la kushoto, sawa na kwenye picha. Mzee Saning'o akainama akatazama kioo, akatazama picha, akatazama kioo tena. Kisha akasema kitu, na Mama Nasieku akatafsiri kwa sauti ya chini: "Anasema siyo wake. Anasema alikuwa ameanza kuamini amempata."

Hilo sikulitegemea. Nilidhani nimekwenda kumwokoa mtu mmoja tu, kumbe nimemtia mwingine uchungu wa kupoteza ng'ombe mara ya pili.

Mzee akauliza, "Imekuwaje mpaka akageuka?"

Nilisema, "Iligeuzwa, mzee. Wakati wa kuchapa." Na meneja akadakia, "Wachapaji, mzee! Tutawaacha hao!" Boay akanyanyua macho kutoka kwenye mikono yake, akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, alinitazama tu kama mtu anayesubiri gari lipite ndipo avuke.

Mzee Saning'o akatoa hukumu yake: mfuko mwingine usiwe na masikio. Akamshika Boay mkono mbele ya wote, wakatoka nje pamoja wakazungumza peke yao. Boay alirudishiwa funguo hapo hapo, safari hii moja kwa moja, na sote tulishukuru kwa ajili ya maisha yetu. Njiani kurudi, tulipofika getini, Boay akapunguza mwendo.

"Kwa hiyo iligeuzwa," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Iligeuzwa."

"Haya."

Taarifa niliichapa mwenyewe: Picha iligeuzwa kwa makosa wakati wa uchapaji. Ipo mpaka leo kwenye kabati la chuma, faili la nne. Wachapaji wale walipoteza kazi yetu, na mchoraji aliyekuwa na mkono mzuri vile sikumsikia tena. Someni taarifa zenu wenyewe muone: malengo hayakufikiwa, wateja hawakujulishwa, bei ilipandishwa. Nani hakufikia? Nani alipandisha? Nilipokuwa nawarudishia taarifa zenu na kalamu nyekundu kila mahali, mkasema Madam anasumbua na sarufi. Haikuwa sarufi.

Mfuko mpya ukachorwa ulimi. Ulimi tu, mpana, unalamba jina la Nono. Ulimi hauna alama ya mtu. Miaka hiyo yote mmeusikia ukisifiwa. Alikuja mtaalamu mmoja kutoka Dar, akatuonyesha ule mfuko ukutani kama mfano wa ubunifu wa kuthubutu, akaniuliza tulifikiaje wazo lile. Nikamwambia tulifanya utafiti wa soko.

Yaliyobaki ya kazi yangu mnayajua. Boay na mimi tulisafiri pamoja miaka kumi na minne mpaka alipostaafu. Alinifundisha kuuza: usiulize idadi, ulizia afya, mteja akikukaribisha chai, chumvi isubiri, mfuko uliolowa usiuze hata ukiombwa. Shahada yangu ilinifundisha kuandika mpango. Mama Emanueli alinisalimia kila tulipokutana, vizuri tu, na kila alipouliza buti zinaendeleaje nilitamani ardhi inimeze. Alipofariki nilikwenda kuzika Endabash, nikasimama nyuma kabisa.

Sasa sherehe yenu ya kuniaga. Nawashukuru kwa keki. Lakini Glory, binti yangu, wewe ndiye bora kati ya wote niliowafundisha, na nilipoingia ukumbini nikaona bango lile nikataka kurudi nyumbani. Uso wangu mita mbili, na kidoti changu cha kuzaliwa, kilicho shavu la kushoto miaka sitini sasa, kiko shavu la kulia.

"Glory, hiki nini?"

"Nimekugeuza, Madam," akasema kwa furaha zote, "ili utazame nembo. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni."

Yaani bado wanafundisha! Nilifungua mdomo nianze kufoka, na ndipo nikamwona Boay. Alikuwa ameletwa na mwanawe Emanueli, na fimbo mkononi, koti la suti limenyooshwa pasi kama zamani. Alisimama mbele ya bango, akaliangalia kwa muda, kichwa kimeinama upande.

"Afisa," akasema, na ukumbi mzima ukasikia, "huyu ng'ombe wa nani?"

Mlinyamaza mkidhani mzee kanitukana. Mimi nilicheka, kisha nikaona nalia, na nikajua kwamba nikikaa mezani kula keki bila kusema, nitakufa na ile herufi. Nikamvuta pembeni, karibu na vile viti vya plastiki mlivyovipanga vibaya.

"Baba Emanueli," nikasema, "ile picha niligeuza mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Bahasha niliipeleka mimi. Ilikuwa wazi, na kalamu nyekundu ofisini ilikuwa yako peke yako."

Jamani, nilikasirika! Nilimkasirikia yeye, mzee wa watu, siku ya kuniaga. "Sasa kwa nini hukusema? Siku tisa! Polisi! Kanisa zima linakusengenya!"

"Ningesema, wangekufukuza siku hiyo hiyo," akasema Boay. "Mimi dereva, gari halikosekani. Wewe ulikuwa na masoko tu, ungekwenda wapi?"

Miaka thelathini na zaidi, na hata yeye ananionea huruma kwa masoko! Nilikaa kwenye kiti nikijipangusa uso na leso ya keki. Nikamwambia kinachoniuma zaidi ni Mama Emanueli, kwamba alinipa buti zake, akanisalimia miaka yote ile, akazikwa bila kujua ni nani aliyemfanya afue koti la mume wake kwa ajili ya kulirudisha.

Boay akanitazama kana kwamba nimemwuliza ana ng'ombe wangapi.

"Mke wangu nilimwambia jioni ile ile niliyosimamishwa," akasema. "Mlango wa stoo ndio wa kwanza ukiingia, Afisa. Unafikiri hakuuona?"